Ufunzaji wa mbwa kwa tuzo

Ufunzaji wa mbwa kwa tuzo ni njia ya kumfundisha mbwa kwa kumpa anachokipenda, kama kipande cha nyama, mchezo au sifa, mara tu anapotenda linalotakiwa. Msingi wake ni kanuni ya mwanasaikolojia Mmarekani Edward Thorndike kwamba tendo lenye matokeo mazuri hurudiwa, kanuni ambayo mwanasaikolojia mwenzake B. F. Skinner aliiendeleza miaka ya 1930.

Kiini chake ni wakati. Tuzo ikichelewa, mbwa huihusisha na tendo jingine. Ndiyo maana wafunzaji wengi hutumia kidude chenye mlio mfupi kuashiria tendo sahihi kabla ya chakula kufika.

Njia hii hutumika pia kurekebisha tabia mbaya. Mbwa anayerukia wageni hapuuzwi milele: husalimiwa miguu yote minne ikiwa chini. Mbwa mwoga husogezwa kidogo kidogo karibu na kinachomtisha huku akilishwa. Kipigo huweza kuzidisha woga na ukali. Ukali wa ghafla huweza kutokana na maumivu, hivyo mbwa apelekwe kwanza kwa daktari wa mifugo.

Mjini Morogoro, Tanzania, shirika la APOPO hutumia kanuni hiyohiyo kufunza panyabuku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na kifua kikuu.