Monita kuukuu, maji ya bomba na tundu la ozoni

Nikikwambia kwamba wako watu wazima wenye akili zao timamu ambao huchukua bodi ya saketi kutoka kwenye monita ya zamani, wakaitia ndani ya sinki, wakaisugua kwa brashi na sabuni ya vyombo, kisha wakaimiminia maji ya bomba, bila shaka utasema wameamua kuiua kabisa. Tangu utotoni tumefunzwa kwamba umeme na maji ni mahasimu. Mtoto akisogeza kikombe cha chai karibu na redio, mama hupiga ukelele. Onyo hilo ni la haki, lakini linahusu chombo kilichowashwa. Bodi iliyochomolewa na kupoa ni kitu kingine. Kisa cha jinsi wenye viwanda walivyoyapa maji kisogo, na baadaye wakalazimika kuyarudia, kinapita Marekani, kinapanda hadi anga ya Antaktika na kuteremka hapa kwetu Nairobi, pale Gigiri.

Tuanze na monita zenyewe. Mwaka 1972 kampuni changa ya Atari iliweka mashine ya kwanza ya mchezo wa Pong katika baa moja mjini Sunnyvale, California. Mhandisi aliyeiunda, Allan Alcorn, alikuwa amefunga ndani ya sanduku televisheni ya kawaida ya picha nyeusi na nyeupe, ya kununuliwa dukani. Haukupita muda mashine ikagoma. Walipoifungua hawakukuta ugonjwa wowote, ila sarafu zilikuwa zimejaa mpaka zikafurika. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ya Japani ikatoa Space Invaders, na mwaka 1980 Namco, pia ya Japani, ikatoa Pac-Man. Mashine za sarafu zikaenea katika baa, vituo vya basi, maduka na kumbi za Marekani.

Kila mashine ilihitaji monita, na hapo wakanufaika watu wa televisheni. Kampuni ya Wells-Gardner ya Chicago, iliyokuwa ikiunda redio tangu miaka ya 1920, na Electrohome ya Kitchener, nchini Kanada, ziligeuka kuwa mabingwa wa monita za michezo. Ukizitazama kwa jicho la fundi, hizo ni televisheni zisizo na sanduku la nje wala sehemu ya kupokea matangazo: tyubu ya picha, chuma cha kuishikilia, na bodi moja au mbili zilizojaa vipuri.

Televisheni ya sebuleni hupumzika usiku na mchana ikapata mapumziko mengine. Monita ya mchezo iliwashwa asubuhi ikazimwa usiku wa manane, siku saba kwa juma, katika moshi wa sigara. Huko California kwenyewe, uvutaji sigara ndani ya baa haukupigwa marufuku hadi tarehe 1 Januari 1998. Mashine zilizowekwa baa mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilivuta moshi huo kwa miaka mingi. Zaidi ya hayo, tyubu ya rangi hutumia volti elfu 20 hivi, na volti za namna hiyo huvuta vumbi kama sumaku inavyovuta misumari. Wale waliokua na televisheni za tyubu watakumbuka jinsi nywele za mkono zilivyosimama ulipoukaribia uso wa kioo.

Basi vumbi likaja, lami ya sigara ikaligandisha, na miaka ikapita. Ukifungua mashine ya aina hiyo leo unakuta bodi imevaa koti la uchafu mzito wa rangi ya kahawia. Koti hilo hufunika vipuri visipoe. Hunyonya unyevu, na volti kubwa zikapata njia ya kutambaa mahali zisipotakiwa, hata cheche ikaruka na bodi ikaungua. Lakini kwa maoni yangu ubaya wake mkubwa ni kwamba huficha. Katika monita za umri huo, ugonjwa wa kawaida ni lehemu kupasuka kuzunguka mguu wa kipuri kizito. Ufa huo ni mwembamba kama unywele, na hauonekani chini ya masizi. Fundi anayeosha bodi anaiosha kwanza ili aione.

Sasa, aioshe kwa nini? Hapa inatubidi turudi kiwandani, kwa kuwa suala la kuosha bodi lilianza huko kabla ya Pong kuzaliwa.

Ili lehemu ishike shaba vizuri, hupakwa fluksi, ambayo asili yake ni utomvu wa msonobari. Kazi ikiisha, fluksi hubaki juu ya bodi ikinata. Bodi nyingi za bei nafuu ziliachwa hivyo hivyo, na hata leo ukigeuza monita ya zamani utayaona mabaki hayo ya rangi ya asali. Lakini wenye mitambo ya simu, ya jeshi na ya ndege walitaka bodi safi. Kwa hiyo viwanda vilihitaji kiosheo, na kikapatikana kilichoonekana hakina kasoro: kemikali iitwayo CFC-113, ndugu wa gesi zile za jokofu. Haikuwaka moto. Haikula plastiki. Ilichemka kwenye nyuzi 48 hivi za Selsiasi, kwa hiyo bodi iliningʼinizwa juu ya birika, mvuke ukaigandia na kuchuruzika pamoja na uchafu, na bodi ikatoka kavu papo hapo. Meneja gani angejisumbua na maji, tanuri la kukaushia na mitaro ya maji machafu?

Lakini si kwamba maji yalikuwa hayajulikani. Kampuni ya Tektronix ya jimbo la Oregon, waundaji wa vyombo vya kupimia mawimbi ya umeme, ilikuwa na desturi ya kuosha vyombo hivyo vilipoletwa kwa ukarabati, kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kisha kuvikausha katika tanuri lenye joto la wastani. Vyombo hivyo vilikuwa vya gharama kubwa, na vilirudi kwa wenyewe vikiwa vizima. Kwa hiyo ujuzi ulikuwapo. Uliachwa kando kwa sababu ile dawa nyingine ilikuwa ya haraka.

Mwezi Juni 1974 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha California huko Irvine, Mario Molina na Sherwood Rowland, walichapisha makala katika jarida la Nature. Walieleza kwamba kemikali hizi, kwa vile haziozi upesi, hupanda taratibu hadi anga za juu, na huko mionzi ya jua huzivunja na kuachilia klorini, nayo klorini hula ozoni, lile tabaka linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Wenye viwanda walipinga. Mwezi Mei 1985 Joseph Farman na wenzake wawili wa Uingereza wakatangaza, katika jarida lilo hilo, kwamba ozoni juu ya kituo chao cha Halley Bay, Antaktika, ilikuwa ikipungua kwa kiwango cha kutisha kila majira ya kuchipua ya huko.

Hapo ndipo Nairobi inapoingia. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lenye makao yake makuu katika jiji hili, ndilo lililosimamia mazungumzo. Mkurugenzi wake wakati huo, Mmisri Mostafa Tolba, ndiye aliyezivuta serikali na makampuni mpaka zikakubaliana huko Montreal tarehe 16 Septemba 1987. Sekretarieti ya mkataba huo iko Gigiri hadi leo. Ni wangapi kati yetu hupita kwa matatu mbele ya lango lile tukidhani ndani kuna makaratasi tu?

Watu wa elektroniki walilalamika kwamba CFC-113 haina mbadala. Neno hilo “haina mbadala” mimi hulisikia kwa sikio la shaka, na historia hii imenipa sababu. Mwezi Januari 1988, hata miezi minne haijatimia baada ya Montreal, kampuni ya simu ya AT&T pamoja na kampuni ndogo ya Petroferm zilitangaza kiosheo kilichotengenezwa kwa mafuta ya maganda ya machungwa. Ndiyo, machungwa! Wengine walibuni fluksi isiyohitaji kuoshwa kabisa. Na wengi walirudi kwa maji: maji ya moto, sabuni maalumu, maji safi ya kusuuzia, na hewa ya moto ya kukaushia. Kufikia tarehe 1 Januari 1996 nchi tajiri ziliacha kutengeneza CFC, isipokuwa kwa matumizi machache ya lazima. Sisi wa nchi zinazoendelea tulipewa hadi mwaka 2010. Molina na Rowland, pamoja na Paul Crutzen, walipata tuzo ya Nobel mwaka 1995, na ozoni imeanza kupona polepole.

Kwa hiyo anayeosha bodi ya Wells-Gardner kwenye sinki lake hafanyi kichaa, anafuata njia ile ile iliyorudiwa na viwanda. Tena ana sababu ya kuwa mwangalifu, kwani viwanda vikubwa vya tyubu za namna hii vimefungwa, na kila monita inayokufa haina mrithi.

Hatari kuu iko kabla ya maji kuguswa. Tyubu huhifadhi umeme hata baada ya mashine kuzimwa na kuchomolewa, na umeme huo unaweza kuua. Fundi anayejua kazi huuondoa kwanza kwa waya uliounganishwa na chuma cha monita. Asiyejua asiiguse, tafadhali. Tyubu yenyewe haioshwi pamoja na bodi, kwani mgongoni ina rangi nyeusi ya grafiti ambayo ni sehemu ya saketi.

Bodi yenyewe husuguliwa kwa brashi laini na sabuni kidogo, bila kulowekwa muda mrefu, kwa kuwa nyingi ni za karatasi iliyoshindiliwa kwa gundi na hunywa maji. Maji ya bomba yana chumvi, na chumvi ndiyo hupitisha umeme na kula shaba. Kwa hiyo bodi husuuzwa mwisho kwa maji yasiyo na chumvi, yale ambayo madereva huongeza kwenye betri (nasema maji, si asidi). Wengine humalizia kwa spiriti isiyo na rangi ili iyafukuze maji yaliyojificha.

Kisha kukausha, na hapa ndipo wengi huharibu. Juu bodi huonekana kavu baada ya saa moja, kumbe maji yamejibanza chini ya vipuri, ndani ya vile vifundo vya kurekebishia picha, na kwenye nyaya za transfoma. Hupulizwa kwa hewa ya pampu, husimamishwa wima mbele ya feni au juani, ikageuzwa mara kwa mara, siku mbili tatu au zaidi. Tanuri, likitumika, halizidi joto la jua kali la Lodwar kwa mbali.

Siku ya kuwasha, fundi hupitisha umeme kwanza kwenye balbu ya kawaida ya wati 100, mbinu ambayo hata mafundi redio wa River Road wanaijua. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti mahali, na umeme hukatwa mara moja. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, balbu huondolewa, monita hupewa umeme wake kamili, na watu husubiri sekunde chache tyubu ipate joto.