Hisabati ilivyofunzwa Kitui na Makueni kabla ya vikokotoo

KABLA ya vikokotoo kuenea madarasani, mwanafunzi wa Kitui au Makueni alikabili somo la hisabati kwa silaha chache: jedwali la kuzidisha alilolihifadhi kichwani, kalamu na karatasi, na, alipojiunga na sekondari, kijitabu chembamba cha majedwali ya logi.

Vifaa hivyo vyaweza kuonekana duni machoni pa kizazi cha leo. Hata hivyo, vilimlazimu mtoto kufanya jambo ambalo mashine haimdai: kukadiria ukubwa wa jibu kabla ya kuliandika.

Kuhesabu kabla ya darasa

Elimu ya shule ilifika Ukambani kupitia kwa wamishonari katika miaka ya 1890. Walutheri wa Ujerumani walikita kambi Ikutha, Kitui, nao African Inland Mission wakafungua kituo chao cha kwanza Nzaui, katika Makueni ya sasa, mwaka wa 1895.

Lakini mtoto hakwenda shuleni mikono mitupu. Nyumbani alikuwa amekwisha kujifunza kuhesabu mbuzi na mizinga ya nyuki kwa Kikamba: imwe, ili, itatu, hadi ikumi. Kumi na moja ni ikumi na imwe, yaani mpango ule ule wa makumi na mamoja unaotumika ubaoni. Mwalimu wa madarasa ya chini alijenga juu ya msingi huo kwa mawe, punje za mahindi, vifuniko vya soda na vijiti vilivyofungwa kumi kumi.

Baadaye lilifuata jedwali la kuzidisha, ambalo kwa miaka mingi lilichapishwa kwenye jalada la nyuma la madaftari. Darasa zima lilikariri kwa sauti hadi mara kumi na mbili. Sababu ilikuwa wazi: asiyejua saba mara nane hawezi kugawanya nambari ndefu, wala kurahisisha sehemu, wala kukokotoa faida.

Stadi hizo ndizo zilizoamua nani angeendelea na masomo. Mtihani wa CPE, na KCPE iliyochukua nafasi yake kuanzia 1985 hadi 2023, haikumruhusu mtahiniwa kuingia na kikokotoo. Kwa familia iliyotegemea mvua haba na mifugo michache, alama za hisabati zilikuwa mlango wa kuingia shule ya upili, au ukuta wa kumzuia mtoto.

Kijitabu cha logi

Logi zilivumbuliwa na John Napier wa Scotland, aliyechapisha majedwali yake mwaka wa 1614. Mwingereza Henry Briggs akaziweka katika msingi wa kumi, na hivyo ndivyo zilivyofika shule za Kenya. Faida yake ni moja kuu: hugeuza kuzidisha kuwa kujumlisha, na kugawanya kuwa kutoa.

Tuseme mwanafunzi ametakiwa kutafuta eneo la kitaru cha shamba kati ya matuta mawili ya fanya juu, chenye urefu wa mita 27.4 na upana wa mita 3.86. Kwanza alitafuta logi ya 27.4 na kupata 1.4378. Logi ya 3.86 ni 0.5866. Alizijumlisha akapata 2.0244, kisha akarudi katika jedwali la kinyume cha logi na kupata 105.8. Jibu kamili ni 105.764, kwa hivyo kosa ni dogo mno.

Ugumu ulikuwa katika tarakimu iliyotangulia nukta. Jedwali lilitoa 4378 na 5866 pekee. Hizo 1 na 0 za mbele mwanafunzi alizitafuta mwenyewe kwa kutazama ukubwa wa nambari. Vivyo hivyo, mwishoni jedwali lilimpa 1058, naye ndiye aliyeamua kama jibu ni 10.58, 105.8 au 1,058. Aliyekadiria mapema kwamba 27 mara 4 ni 108 hakupotea.

Nambari ndogo kuliko moja ziliwasumbua wengi zaidi. Logi ya 0.0386 iliandikwa kwa 2 yenye mstari juu yake, ikifuatwa na .5866. Maana yake ni kwamba ile 2 ni hasi ilhali sehemu inayofuata nukta ni chanya. Aliyesahau mstari huo alipoteza swali zima.

Kijitabu hicho hicho kilikuwa na mraba wa nambari, vipeuo vya pili na majedwali ya pembe. Hata katika mfumo wa 8-4-4, mtihani wa KCSE uliendelea kuwa na maswali yaliyomtaka mtahiniwa atumie logi, na mengine yaliyomkataza kutumia jedwali au kikokotoo.

Mabadiliko

Mtaala nao haukusimama. Kuanzia mwaka wa 1962, warsha zilizofanyika Entebbe, Uganda, zilizaa vitabu vya hisabati mpya vilivyotanguliza seti na nadharia. Walimu na wazazi wengi walilalamika kwamba watoto hawakuwa wakijua hesabu za kawaida, na mwaka wa 1981 Kenya ikaachana na mkondo huo.

Vikokotoo vya mfukoni viliingia katika soko la dunia mapema katika miaka ya 1970, lakini bei iliviweka mbali na shule za mashambani kwa muda mrefu. Kijitabu cha logi kilikuwa na usawa wake: jedwali la mwanafunzi wa Mwingi lilikuwa na tarakimu zile zile za mwenzake wa Nairobi. Kikokotoo kilipokubaliwa, asiye na pesa za kukinunua alibaki nyuma kwa kasi.

Hata hivyo, enzi hiyo haifai kusifiwa bila kipimo. Kukariri kuliandamana mara nyingi na kiboko, adhabu iliyopigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na wengi waliondoka wakiichukia hisabati maisha yao yote.

Makueni, iliyotengwa na Machakos na kuwa wilaya mwaka wa 1992, ilishiriki katika juhudi za kurekebisha hali hiyo. Ilikuwa miongoni mwa wilaya tisa za majaribio za mradi wa SMASSE, ulioanzishwa na serikali za Kenya na Japani mwaka wa 1998. Walimu wa sekondari walifunzwa kumwacha mwanafunzi atende na ajaribu mwenyewe, kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira yake.

Leo simu ya mkononi hukokotoa kwa kufumba na kufumbua. Lakini mkulima anayeuza ndengu kwa gorogoro sokoni Wote angali anahitaji kujua, kabla ya kubonyeza chochote, kama jumla aliyotajiwa na mnunuzi inakaribia ukweli. Stadi hiyo ya kukadiria haikukaa ndani ya kijitabu cha logi, na yaweza kufunzwa bila kijitabu hicho, na bila kiboko.