Kigiriki cha Jahazini na Kigiriki cha Kiwandani: Majina ya Vyombo vya Kupimia

Dubai Investments Park, ambayo wakazi wake huiita DIP tu, ni eneo la hekta 2,300 lililoanzishwa mwaka 1997 upande wa Jebel Ali. Ndani yake mna viwanda, maghala, majumba ya familia na kambi za wafanyakazi, na miongoni mwa walinzi, wapakiaji na mafundi wa humo Kiswahili hakikosi kusikika, kiwe cha Mombasa, cha Tanga au cha Kampala. Fundi akiingia zamu ya asubuhi kukagua kompresa, jicho lake la kwanza huenda kwenye geji: bamba la duara chini ya kioo, mshale mwembamba, na herufi tatu, bar. Kwenye mlango wa ghala la baridi ipo themomita, na kando yake haigromita ya kuonyesha unyevu wa hewa. Mwisho wa mwezi analipwa kwa dirhamu. Maneno yote manne yana asili ya Kigiriki: baros ni uzito, thermos ni kitu chenye moto, hygros ni kitu chenye majimaji, na drakhme ni konzi ya mkono.

Ni rahisi kuyatazama maneno haya na kuikubali simulizi tuliyoizoea tangu shuleni, kwamba sayansi ilizaliwa Ugiriki, Ulaya ikairithi, nasi tukaipokea mwisho wa foleni. Makala haya yanaupinga usomaji huo. Ninachodai ni kwamba jina la Kigiriki kwenye chombo cha kupimia linatueleza njia kilichopita na mamlaka kilichopewa kuliko linavyotueleza mahali kilipozaliwa. Tena Kigiriki hicho kilitufikia mara mbili, kwa njia zisizofanana: kwanza kwa jahazi, mikononi mwa wafanyabiashara na marubani, baadaye kwa kiwanda, kikiwa kimeshachapwa juu ya kioo na shaba.

Tuanze na jahazi. Unguja ya karafuu na pembe za ndovu ilipima kwa frasila. Frasila moja ilikuwa ratili 35, na ratili moja wakia 16. Ratili ni ratl ya Kiarabu, na ratl ni litra ya Kigiriki iliyopitia Kiaramu. Wakia ilianzia uncia ya Warumi, ikawa ounkia kwa Wagiriki, kisha uqiya kwa Waarabu. Dirhamu, ambayo Umoja wa Falme za Kiarabu uliifanya sarafu yake mwaka 1973, ilipitia Uajemi kabla ya Uislamu. Karati ya dhahabu inayotajwa kila dakika katika soko la Deira ni keration, kokwa ya mkharubu iliyotumika kama jiwe dogo la mizani. Na ile litra iliyotupa ratili ilizunguka pia Ulaya, ikatengenezwa upya Ufaransa na kuturudia kama lita. Ratili na lita ni ndugu wa tumbo moja waliofika pwani yetu kwa milango tofauti, wala hawajuani.

Neno ninalolithamini zaidi katika kundi hili ni kanuni. Kanon ya Wagiriki ilikuwa ufito ulionyooka, rula ya seremala na mwashi. Baadaye ikawa kigezo, na mwishowe sheria. Kupitia Kiarabu, Kiswahili kiliipokea sheria bila ufito. Nitalirudia neno hili, kwa sababu katika DIP ufito na sheria vimeachana kwa namna inayogusa miili ya watu.

Maneno haya ya kwanza hayakuja na sifa ya Ugiriki. Yalikuja na mizani, na mtu aliyetaka kuuza au kununua aliyajifunza siku hiyo hiyo. Ndiyo maana hakuna Mswahili anayeiona ratili kuwa neno la kigeni.

Asturlabu, chombo cha kupimia nyota, inahitaji kukaliwa kitako. Jina lake la Kigiriki, astrolabon, ni kishika-nyota. Msingi wake wa kihesabu, yaani namna ya kuilaza mbingu ya mviringo juu ya bamba bapa huku duara zikibaki duara, ulielezwa na Ptolemaio wa Alexandria katika karne ya 2. Maandishi yake ya Kigiriki kuhusu jambo hilo yamepotea, na tunayo kwa sababu yalitafsiriwa kwa Kiarabu. Risala kongwe ya Kigiriki iliyobaki kuhusu chombo chenyewe ni ya Yohana Philoponus, naye wa Alexandria, karne ya 6. Severus Sebokht aliandika yake kwa Kisiria karne moja baadaye, kisha Baghdad ikakipokea chombo katika karne ya 8, na mafundi wa Kiislamu wakakiongezea mistari ya nyakati za swala. Hata katika kisa hiki kimoja ambamo jina na chombo vyote ni vya kale, Kigiriki chenyewe kiliandikwa Misri, na urithi ukatunzwa kwa Kisiria na Kiarabu.

Wasomi wa Kiarabu na Kiajemi walilibishania jina hilo kwa bidii. Wako walioligawa vipande viwili, wakasema ni mistari ya mtu aitwaye Lab. Hamza al-Isfahani alilipa asili ya Kiajemi, sitara-yab, kitafuta-nyota. Al-Biruni alishikilia kwamba chombo na jina ni vya Wagiriki, ingawa yeye alilifasiri kuwa kioo cha nyota. Ubishi wao unaonyesha kwamba karne 10 zilizopita asili ya jina ilikuwa tayari suala la heshima, si la kamusi peke yake.

Sasa twende Malindi, mwaka 1498. João de Barros, aliyeandika nusu karne baadaye, anasimulia kwamba Vasco da Gama alimwonyesha rubani aliyempata huko asturlabu kubwa ya mbao na nyingine za madini, akitazamia mshangao. Rubani hakushangaa. Alieleza vyombo vya shaba vya marubani wa Bahari ya Sham, kisha akaonyesha cha kwao, cha vibao vitatu. Barros anamwita Malemo Cana, na malemo huyo ni mwalimu, cheo cha rubani wa bahari kuu katika Bahari ya Hindi nzima. Dai kwamba alikuwa Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar ambayo leo ni Ras al-Khaimah, limeenea sana, lakini watafiti wengi wamelikataa, na sioni sababu ya kulihuisha. Ibn Majid ana utukufu wa kutosha bila hilo. Shairi lake la al-Sufaliyya ni mwongozo wa pwani hii yetu hadi Sofala.

Kamal, chombo cha aina hiyo ya vibao, kinastahili kutazamwa kwa karibu. Ni kibao cha mstatili chenye uzi katikati, na uzi umefungwa mafundo. Rubani huuma fundo la bandari anayoiendea, hunyoosha kibao mbele mpaka uzi ukaze, huuweka ukingo wa chini juu ya upeo wa bahari, kisha hutazama kama Nyota ya Kaskazini imegusa ukingo wa juu. Ikigusa, yuko kwenye latitudo ya bandari, na kazi iliyobaki ni kufuata mashariki au magharibi. Kipimo chake ni isba, upana wa kidole, kama digrii moja na nusu na ushei. Kilwa, karibu digrii 9 kusini ya ikweta, nyota hiyo haionekani kabisa, kwa hiyo marubani walishika nyota nyingine. Ni kazi ya hesabu, kumbukumbu na meno, na haina hata silabi moja ya Kigiriki.

Jirani yake katika historia alilala baharini miaka 500. Esmeralda, meli ya Vicente Sodré aliyekuwa mjomba wa da Gama, ilizama mwaka 1503 kwenye kisiwa cha al-Hallaniyah, Omani. Mwaka 2014 wapiga mbizi walitoa humo bamba la shaba lenye kipenyo cha sentimita 17.5 na uzito wa gramu 344, likiwa na nembo ya Ureno na tufe la duara, alama ya Mfalme Manuel. Chuo Kikuu cha Warwick kilipolichunguza kwa leza kiliona mikwaju 18, mmoja kwa kila digrii 5. Ndipo ikathibitika kuwa ni asturlabu ya baharini, ya zamani kuliko zote zinazojulikana. Baharia hodari angeweza kukadiria kati ya mkwaju na mkwaju, hivyo siitumii namba hiyo kukidhalilisha chombo. Nasema tu kwamba jina la Kigiriki na nembo ya mfalme havikukiongezea usahihi. Vilikiongezea mwenyewe.

Kigiriki cha pili kilitungwa mezani. Galileo na wenzake walichezea mirija ya hewa na joto kabla neno themomita halijakuwepo; lilichapwa katika kitabu cha Mfaransa Jean Leurechon mwaka 1624. Torricelli alieleza mrija wake wa zebaki katika barua ya mwaka 1644, na neno barometa likaenezwa na Robert Boyle miaka ya 1660. Wafaransa walipotunga sheria ya vipimo vipya mwaka 1795 walichukua metron kwa mita na khilioi, elfu, kwa kilo. Muuza nyanya wa Kariakoo husema Kigiriki kila anapotaja bei. Mgiriki wa kale, hata hivyo, hakuwahi kuitamka themomita wala barometa. Watungaji waliichagua lugha hiyo kwa sababu haikuwa ya taifa lolote kati ya yaliyoshindana, na kwa sababu ilikipa chombo sauti ya chuo.

Tiodolaiti ndiyo ushahidi wangu wa wazi zaidi. Kila mpima ardhi wa Afrika Mashariki anaijua, na jina lake linavuma Kigiriki kutoka mwanzo. Lilitokea kwa Leonard Digges, Mwingereza, katika kitabu cha Pantometria kilichochapwa mwaka 1571, na hadi leo hakuna asili ya Kigiriki iliyokubaliwa na wataalamu. Mkono unaozunguka juu ya vyombo vya jamii hiyo, lakini, huitwa alidade, na huo ni al-idada, Kiarabu kitupu. Penye jina la bandia Kigiriki kimevaliwa. Penye kazi ya mkono Kiarabu kimesahauliwa.

Msomaji anaweza kunijibu kwamba Wagiriki walipima kweli kweli. Walipima. Mashine ya gia za shaba iliyotolewa baharini Antikythera mwaka 1901 ilikokotoa mwendo wa jua na mwezi na majira ya kupatwa kwao, na sijui chombo cha kale kinachostahili heshima zaidi ya hicho. Lakini jina walilokiita wenyewe halikutufikia. Tunakiita kwa kisiwa kilikozama. Chombo cha Kigiriki kuliko vyote hakina jina la kuonyesha walilokipa Wagiriki.

Haya yote yanahusu nini na mtu wa zamu DIP? Yanahusu kipimo kimoja kilichotungwa Berlin. Mwaka 1825 Ernst August alikipa jina saikromita, kutoka psykhros, baridi. Ni themomita mbili pacha, moja imevishwa utambi wa pamba uliolowa. Maji yakikauka huondoka na joto, na utambi husoma chini. Hewa ikiwa kavu tofauti huwa kubwa. Ikijaa mvuke wa Ghuba, tofauti hufifia. Mwili hufanya hivyo hivyo kwa jasho. Hewa ya digrii 38 yenye utambi wa 20 huvumilika kwa mtu mwenye maji ya kunywa. Digrii 38 hizo hizo zenye utambi wa 30 ni hatari kwa mtu anayebeba mizigo.

Kanuni ya Umoja wa Falme za Kiarabu hukataza kazi za nje juani kuanzia saa 6:30 mchana hadi saa 9, tangu 15 Juni hadi 15 Septemba. Ni kanuni njema na imeokoa watu. Ila ufito wake ni saa na kalenda. Qatar, mwaka 2021, iliongeza ufito wa pili: kazi husimama wakati wowote kipimo kinachochanganya utambi, tufe jeusi la jua na hewa kavu kinapozidi digrii 32.1. Katika mchanganyiko huo utambi huhesabiwa asilimia 70, tufe 20, hewa kavu 10. Tuchukue alasiri ya saa 10, hewa 38, utambi 30, tufe 44: jumla ni 33.6. Saa ya ukutani inasema kazi iendelee. Utambi unasema isimame. Chombo cha kuusoma utambi kipo tangu 1825, na bei yake ni ndogo.

Hapa ndipo lugha inapodaiwa. Kipimajoto, neno zuri la kamusi zetu, humfundisha mfanyakazi kutazama namba moja tu, ile isiyomweleza hatari. Saikromita halimwelezi lolote, na tafsiri yake ya neno kwa neno, kipima-baridi, ingempoteza kabisa. Baraza la Kiswahili la Taifa na vyuo vinavyounda istilahi wafanye walivyofanya wapimaji wa ratili na wakia, walioita kipimo kwa matumizi. Napendekeza joto la utambi, kwa sababu mlinzi wa DIP akielezwa neno hilo mara moja anajua la kufanya: achukue themomita mbili, moja aivishe kitambaa cha maji, apepee, na asome zote mbili kabla ya kutoka nje.