Biot
Biot ni mji mdogo wa kusini-mashariki mwa Ufaransa, uliojengwa juu ya kilima karibu na Antibes, kilomita chache kutoka Bahari ya Mediteranea. Kwa karne nyingi wafinyanzi wake walitengeneza mitungi mikubwa ya mafuta ya zeituni, lakini wageni wa leo huvutwa zaidi na vyombo vya kioo chenye viputo, ufundi ulioanzishwa na Éloi Monod mwaka 1956: fundi huchota kioo kilichoyeyuka kwa ncha ya bomba, hulinyunyizia donge hilo magadi, yaani kabonati ya sodiamu, kisha hulifunika kwa tabaka la pili, na gesi inayozalishwa na joto hunaswa katikati. Kazi hiyo ndiyo inayostahili kutazamwa kwa utulivu kuliko jambo lolote jingine mjini. Nje kidogo ya kilima lipo jumba la makumbusho ya mchoraji Fernand Léger, lililofunguliwa mwaka 1960.