Kutoka Mtumba wa Msafara hadi Sagulasagula: Historia ya Kununua Nguo na Kuvaa Vizuri katika Segese na Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

1.0 Utangulizi

Segese ni kata mojawapo ya Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga. Wakazi wake wengi ni wakulima na wafugaji, na kata hiyo imo ndani ya ukanda wa dhahabu unaoanzia Kahama na kuelekea Geita. Historia ya ukanda huu imeandikwa zaidi kwa kufuata bidhaa zinazotoka, yaani pembe za ndovu katika karne ya 19, pamba katika karne ya 20, na dhahabu katika kizazi hiki. Bidhaa zinazoingia hazijapewa uzito huo, na nguo imeachwa nyuma kuliko zote, kana kwamba kuvaa ni jambo dogo lisilostahili mizani ya mwanahistoria.

Insha hii inachukua msimamo tofauti. Inajenga hoja kwamba, katika ukanda huu, nguo ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya malipo ya jasho la watu, na kwamba kuvaa vizuri kulikuwa njia ya mtu kuonyesha kwamba jasho hilo halikupotea. Hoja ya pili ni kwamba wanunuzi wa nguo hawakuwa wapokeaji tu wa kilicholetwa. Walichagua, walikataa, na mara kadhaa uchaguzi wao uliwalazimisha wafanyabiashara na hata serikali kubadili mwenendo. Insha inategemea maandishi ya wasafiri, kamusi za awali, kumbukumbu za sera na tafiti zilizokwisha kuchapishwa. Kwa kuwa maandishi yanayoihusu Segese peke yake ni machache, mjadala unaitazama kata hiyo kama sehemu ya ukanda mpana wenye historia moja.

2.0 Mtumba wa Kwanza: Nguo za Msafara

Neno mtumba lilikuwapo katika Kiswahili muda mrefu kabla ya biashara ya nguo zilizokwisha kuvaliwa. Katika lugha ya misafara ya karne ya 19, mtumba ulikuwa furushi la nguo lililofungwa kwa ajili ya safari, mzigo wa mpagazi mmoja, wenye uzito wa takribani frasila mbili, yaani kilo 30 hivi. Mitumba hiyo ilitoka Bagamoyo na bandari nyingine za Mrima, ikapita Ugogo hadi Tabora, na kutoka hapo ikasambazwa magharibi hadi Ujiji na kaskazini hadi Usukuma. John Hanning Speke alipoondoka Tabora Julai 1858, na kufika kwenye ziwa mwanzoni mwa Agosti, alipita katika nchi ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Shinyanga, na chakula cha msafara pamoja na hongo za watemi vililipwa kwa nguo na shanga.

Nguo ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono, na vipimo vilijulikana na wote: shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane, na jora ndiyo kipande kizima. Hadi leo muuza kanga anapotaja doti anatumia kipimo cha msafara, ingawa maana imehamia kwenye jozi ya vipande viwili. Merikani, nguo nyeupe isiyotiwa rangi, iliitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, hasa kwa mikono ya wafanyabiashara wa Salem, baada ya mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sultani Seyyid Said mwaka 1833. Kaniki ilikuwa nguo ya Bara Hindi iliyotiwa rangi nzito ya nili. Juu ya hizo mbili kulikuwa na nguo za rangi zenye majina yake, kama vile barsati, debwani na sahari, ambazo zilitengwa kwa ajili ya watu wenye hadhi.

Ni kosa kudhani kwamba wenyeji hawakuwa na nguo kabla ya hapo. Richard Burton, aliyekaa Tabora mwaka 1857, aliandika juu ya ufumaji wa nguo za pamba katika Unyamwezi, pamoja na matumizi ya ngozi na magome ya miti. Nguo ya kigeni haikuziba pengo la uchi. Ilileta kipimo kipya cha hadhi kilichoshindana na vipimo vya zamani.

Kipimo hicho hakikuwekwa na wauzaji peke yao. Jeremy Prestholdt (2008) ameonyesha jinsi ladha ya wanunuzi wa Afrika Mashariki ilivyoamua nini kifumwe Salem na Bombay, kwa kuwa nguo isiyopendwa ilirudi au kuozea ghalani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861–1865) vilipokatiza shehena za merikani, viwanda vya Uingereza na Bara Hindi vilipata nafasi, lakini vilipaswa kuiga uzito na mwonekano ambao mnunuzi wa bara alikwisha kuuzoea. Kwa upande wa wapagazi, Stephen Rockel (2006) ameeleza jinsi safari ya pwani ilivyokuwa kazi ya ujira na shule ya utu uzima kwa vijana wa Kinyamwezi na Kisukuma. Ujira huo kwa sehemu kubwa ulikuwa nguo. Kijana aliyeondoka na ngozi na kurudi na doti alikuwa amevaa ushahidi wa safari yake.

3.0 Pamba Shambani, Nguo Dukani

Ukoloni uliondoa nguo katika nafasi ya fedha, lakini haukuiondoa katika nafasi ya ujira. Kodi ilidai shilingi. Usukuma ulipata shilingi hizo kwa pamba, na waliokwenda kuajiriwa walizipata katika mgodi wa dhahabu wa Geita uliofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, au katika almasi ya Mwadui iliyogunduliwa mwaka 1940. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilimo cha pamba kilipanuka sana, na wakulima wakajiunga katika vyama vya ushirika vilivyounganishwa mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani.

Msimu wa pamba ulikuwa pia msimu wa nguo. Mauzo yaliangukia kiangazi, wakati ule ule wa ngoma za ushindani za Wagika na Wagalu, ambapo kikundi kilipimwa kwa ustadi wake na pia kwa namna kilivyojipamba. Fedha za mizani zilipita dukani kabla hazijafika nyumbani: kanga kwa mama, shati na suruali kwa kijana, kitambaa cha kupeleka kwa fundi aliyeketi barazani na cherehani yake. Kununua kitambaa kulimpa mteja mamlaka yasiyokuwapo katika nguo iliyokwisha kushonwa, kwa kuwa alichagua rangi, akachagua mshono, kisha akajadiliana na fundi juu ya urefu na upana.

Hapa pana kinzani ambayo haijaisha hadi leo. Mkulima aliuza pamba mbichi kwa bei iliyopangwa na wengine, kisha akainunua tena ikiwa nguo kwa bei iliyopangwa na wengine. Kiswahili cha mitaani, bila kukusudia, kimeihifadhi historia hiyo: vijana huita nguo nzuri pamba, na aliyevaa vizuri husemwa kuwa amepiga pamba. Kwa Msukuma neno hilo lina uzito wa pekee, kwa sababu pamba ya shambani na pamba ya mwilini zimetenganishwa na safari ndefu ambayo faida yake haikubaki kijijini.

4.0 Dola na Kabati la Nguo

Baada ya uhuru serikali ilijaribu kuifupisha safari hiyo kwa kujenga viwanda vya nguo nchini, kikiwamo Urafiki jijini Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na Mwatex mjini Mwanza, karibu na mashamba ya pamba yenyewe. Vitenge na kanga za viwanda hivyo viliivalisha nchi, na kwa muda mkulima wa Shinyanga aliweza kuvaa nguo iliyofumwa kwa pamba ya nchi yake.

Dola ile ile ilitaka pia kuamua maana ya kuvaa vizuri. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, vipodozi vya kujichubua na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Andrew Ivaska (2011) ameonyesha kwamba tangazo hilo lilizua mjadala mkali magazetini, na kwamba wanawake waliovaa nguo hizo walivamiwa na makundi ya vijana katika mitaa ya Dar es Salaam. Walioitetea operesheni walisema wanalinda utamaduni. Walioipinga waliuliza ni utamaduni wa nani, na kwa nini mzigo wake ubebwe na mwili wa mwanamke. Swali hilo linahusu pia mikoa ya bara, kwa kuwa suruali na gauni vilivyoruhusiwa kama mavazi ya heshima navyo vililetwa, kama kaniki ilivyoletwa.

Muongo uliofuata ulibadilisha swali kutoka nini kivaliwe hadi kama kuna cha kuvaa. Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilidhoofisha wachuuzi binafsi vijijini, na mwaka huo huo vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa. Vita dhidi ya Idi Amin (1978–1979) na uhaba wa fedha za kigeni vilipunguza vipuri na uzalishaji viwandani. Nguo ikawa kitu cha foleni na cha mgawo. Katika hali hiyo kuvaa vizuri kulimaanisha kutunza: kufua kwa uangalifu, kutia viraka kwa mshono usioonekana, na kuhifadhi shati moja kwa ajili ya ibada, harusi na msiba. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, lakini wapo waliolazimika kuazima.

5.0 Mtumba wa Pili: Mnada na Machimbo

Kulegezwa kwa masharti ya uagizaji tangu mwaka 1984 kulifungua mlango kwa nguo zilizokwisha kuvaliwa Ulaya na Marekani. Watu waliziita kafa Ulaya, jina la mzaha lililobeba mashaka juu ya mwenye nguo wa kwanza, lakini jina lililodumu ni lile la kale, mitumba. Belo la kilo 45 lilishika nafasi ya furushi la mpagazi. Mzigo wa nguo ulirudi katika njia zile zile za kutoka pwani kwenda bara, safari hii kwa lori.

Mitumba iliandamana na dhahabu. Wachimbaji wadogo walimiminika Bulyanhulu mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakaondolewa Agosti 1996, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya ule wa Geita. Uchimbaji mdogo haukukoma. Ulihamia maeneo mengine kila liliposikika tetesi za rashi mpya. Fedha ya duara huja kwa ghafla na huondoka kwa ghafla, na nguo ni mojawapo ya vitu vya kwanza inavyogeuzwa. Wahubiri na wazee huliona jambo hilo kuwa ubadhirifu. Hata hivyo, anayeshinda siku nzima shimoni, akiwa na vumbi kichwani na nguo ya kazi isiyo na rangi inayotambulika, anapooga jioni na kuvaa nguo za kutokea, anajitofautisha na kazi yake. Anadai kutambuliwa kuwa mtu mwenye jina na heshima, kama alivyodai mpagazi aliyerudi na doti.

Mahali pa kudai hilo ni mnada wa wiki, ambapo nguo hutandazwa juu ya turubai na wateja huinama kupekua. Lundo hilo huitwa sagulasagula, jina lenye maana ya kuchaguachagua. Karen Tranberg Hansen (2000) ameeleza neno la Kibemba, salaula, linalotumika Zambia kwa nguo hizo hizo na kwa maana iliyo karibu sana. Majina hayo mawili hayataji ukuukuu wa nguo bali tendo la mnunuzi. Mteja hukagua mshono, hunyoosha kola dhidi ya mwanga, huuliza bei, huondoka, huitwa tena. Kisha nguo hupelekwa kwa fundi ikapunguzwe, na gauni lililoshonwa kwa mwili wa mtu wa mbali hupata umbo la mvaaji mpya. Rangi kali zinazopendwa Usukumani, ambazo watu wa mijini huzifanyia mzaha, nazo ni uchaguzi wenye kanuni zake.

Uhuru huo wa kuchagua ulikuwa na gharama. Viwanda vya nguo vilivyokwisha kudhoofishwa na uhaba wa vipuri na uendeshaji mbovu havikuweza kushindana na mitumba, na pamba ya Shinyanga ikaendelea kusafirishwa ikiwa ghafi. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliagiza uingizaji wa mitumba ukomeshwe hatua kwa hatua. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara. Tanzania, Kenya na Uganda zikalegeza msimamo, na Rwanda iliyoendelea nao ikasimamishiwa nafuu ya nguo mwaka 2018. Kwa mara nyingine, jambo linaloamua mtu wa Segese avae nini lilijadiliwa mbali na Segese.

6.0 Hitimisho

Insha imeonyesha mwendelezo kati ya mtumba wa msafara na mtumba wa mnadani. Katika vipindi vyote viwili ukanda huu ulitoa mali ghafi na kupokea nguo, na katika vyote viwili wanunuzi walitumia nafasi ndogo waliyoachiwa, yaani uchaguzi, kujenga heshima yao. Operesheni Vijana na agizo la mwaka 2016 vilikuwa na shabaha tofauti, lakini vilifanana katika kumwona mvaaji kama mtu wa kurekebishwa au kuamuliwa, na wala si kama mtu mwenye sababu zake. Sera ya kufufua viwanda vya nguo itakayopuuza sababu hizo itarudia somo ambalo wafumaji wa Salem na Bombay walilipata karne ya 19: nguo isiyochaguliwa haiuziki. Inapendekezwa kwamba watafiti wa historia wakusanye masimulizi ya mafundi cherehani, wachuuzi wa minadani na wanawake wenye kanga za miongo kadhaa masandukuni, kabla kumbukumbu hiyo haijatoweka.