Bustani za Shule Mbulu na Hanang: Nani Alikula Mavuno?

Historia ya bustani za shule katika wilaya za Mbulu na Hanang, ambazo zimo katika Mkoa wa Manyara tangu mwaka 2002 na kabla ya hapo zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha, haiwezi kuanzia shuleni, kwa kuwa watoto wa nyanda za Mbulu walikuwa wakifundishwa kulima zamani sana kabla ya kufika kwa mwalimu wa kwanza. Katika Irqwa Da'aw, yaani kiini cha nchi ya Wairaqw, ambao Waswahili wengi huwaita Wambulu, ng'ombe walilala ndani ya nyumba, samadi ikabebwa hadi kwenye mashamba ya karibu, na nyasi zikafukiwa chini ya matuta ili zioze na kuwa mbolea. Kwa muda mrefu wataalamu walieleza kilimo hicho cha bidii kuwa zao la kuzingirwa: Wairaqw walibanwa na Wamasai na Wadatoga, wakalazimika kuongeza rutuba ya eneo dogo walilobaki nalo. Mwanajiografia Lowe Börjeson, katika utafiti wake uliochapishwa Stockholm mwaka 2004, aliipinga hoja hiyo akionyesha kwamba rutuba ya ardhi ile ilijengwa kidogo kidogo na kazi ya kila siku ya kaya, bila kusubiri adui wa kuisukuma. Ikiwa ndivyo, basi mtoto wa Kainam, katika Irqwa Da'aw hiyohiyo, aliyekabidhiwa jembe na mwalimu alikuwa ametoka kwenye darasa kubwa zaidi, na mama yake ndiye aliyekuwa mkufunzi.

Upande wa Hanang mambo yalikuwa tofauti. Kwa Wadatoga, na hasa Wabarbaig waliozunguka na mifugo yao katika nyanda zilizo chini ya Mlima Hanang, shibe ilipimwa kwa kibuyu cha maziwa, na tuta la mboga halikuwa na nafasi kubwa katika heshima ya kaya. Somo moja la kilimo, likitoka katika mtaala mmoja, liliwafikia watoto wa nyumba hizi mbili kana kwamba wanatoka nyumba moja.

Somo lenyewe lilikuwa na asili ya mbali. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones wa Marekani na ambayo James Aggrey wa Gold Coast alikuwa mmoja wa wajumbe wake, ilizuru Afrika Mashariki na kushauri kwamba elimu ya Mwafrika ifungamanishwe na maisha ya kijijini, yaani kilimo, usafi na afya ya kaya. Waraka wa sera wa serikali ya Uingereza wa mwaka 1925 ulifuata mkondo huohuo, na katika miaka ya 1950 shule za kati za Tanganyika, zilizochukua wanafunzi wa darasa la tano hadi la nane, zilipewa mtaala ulioelemea kilimo. Wazazi wengi nchini hawakuupenda, na hawakukosea: aliyeuza ng'ombe ili mwanawe apate kalamu aliona anarudishiwa jembe, huku watoto wa Wazungu katika shule zao wakisomea mambo mengine.

Rais Julius Nyerere aliujua ubaguzi huo, na ndiyo maana waraka wake *Elimu ya Kujitegemea*, uliotolewa Machi 1967, wiki chache baada ya Azimio la Arusha, ulilitaka shamba la shule liwe na maana nyingine. Shule ilipaswa kuwa jumuiya inayozalisha na kujifunza kwa pamoja. Wanafunzi walipaswa kushiriki kupanga kazi, kutunza hesabu na kuyaona matokeo ya maamuzi yao, tena kwa zana ambazo mkulima wa kawaida angeweza kuzipata. Katika shule nyingi nchini utekelezaji ulibakiza jasho na kuacha hesabu. Zamu ya shamba ikageuka adhabu ya mchelewaji, mazao yakauzwa kuziba pengo la fedha za shule, na mwanafunzi hakuambiwa gunia limekwenda wapi.

Hanang iliongezewa kinaya chake. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kwa msaada wa Kanada, ilifungua katika eneo la Basotu mashamba makubwa ya ngano yaliyofikia saba chini ya NAFCO, shirika la umma la kilimo na chakula, juu ya ardhi iliyokuwa malisho bora ya Wabarbaig. Kwa hiyo katika wilaya ileile ambamo shule zilihimizwa kujitegemea kwa jembe la mkono, kombaini zilikuwa zikivuna ngano ya kulisha miji, wakati sufuria ya nyumbani ikiendelea kupika ugali wa mahindi.

Hoja ya lishe, yaani namna mwili unavyokitumia chakula ili ukue na kujikinga na maradhi, iliingia kwa mlango mwingine. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa mwaka 1973, mwaka uleule wa kampeni ya redio ya *Mtu ni Afya*, na mwaka 1975 ikafuata *Chakula ni Uhai*, ambayo iliwakusanya watu wazima vijijini katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Hapo ndipo bustani, tofauti na shamba la mahindi, ilipopata hoja yake: kazi yake ni kuongeza mchicha, mnafu, majani ya maboga na karoti kwenye sahani ambayo tayari ina wanga wa kutosha. Hoja hiyo haijachakaa, kwani takwimu za kitaifa zinaonyesha kuwa udumavu, yaani ufupi wa mtoto usiolingana na umri wake kwa sababu ya lishe duni ya muda mrefu, ulishuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi asilimia 30 tu mwaka 2022.

Kikwazo kikubwa cha bustani hizo kimekuwa kalenda na maji. Mvua huanza mwishoni mwa mwaka, wakati shule zinafungwa. Kiangazi kinaposhika, miche hutegemea ndoo za wanafunzi, na likizo ya Juni hutosha kuikausha yote asipokuwepo wa kumwagilia. Tuta la duara lenye kapu la takataka za jikoni katikati, linalopokea maji yaliyooshea vyombo, hupunguza adha hiyo, na mama yeyote wa Kiraqw anayeijua samadi yake angeielewa kanuni yake bila semina.

Elimu bila malipo, iliyoanza kutekelezwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, iliondoa ada lakini chakula cha mchana kiliendelea kutegemea kwa sehemu kubwa mahindi na maharage wanayochanga wazazi. Kamati ya shule inayowaomba wazazi hao debe la mahindi inawajibika kuwaonyesha pia daftari la bustani: kilichovunwa, kilichopikwa, na kilichouzwa.