Upatanifu kwa Faida ya Nani? Kwaya, Beni na Ngonjera

Neno la Kigiriki harmonia halikuzaliwa kwenye muziki. Katika Odisei ya Homer, Odysseus anapojiundia chelezo cha kumtoa kisiwani kwa Calypso, harmonia ni viungo vinavyoshika mbao zisiachane baharini. Ni neno la fundi. Baadaye wanamuziki wakalichukua, kisha wanafalsafa, na mwisho wanasiasa ambao, kama kawaida yao, hawakulirudisha.

Sisi katika Kiswahili hatuna neno moja la kubeba mzigo wote huo. Mshairi anasema urari, mwimbaji anasema sauti zimepatana, mhakiki anasema muwala, mwanasiasa anasema muafaka. Wapo watakaodai huo ni upungufu wa lugha. Makala haya yanadai kinyume: wingi huo wa maneno unatukinga tusidanganyike kwamba kinachopendeza katika wimbo lazima kipendeze pia katika jamii. Hebu basi tujiulize: tunaposifu kazi ya fasihi kwa upatanifu wake, tunasifu nini hasa, na nani kalipa gharama yake?

Wagiriki wenyewe hawakuafikiana. Heraclitus wa Ephesus, karibu mwaka 500 K.K., alitoa mfano wa uta na kinubi. Mti unavuta huku, kamba inavuta kule, na upatanifu ni huo mvutano wenyewe. Ulegeze, uta unakuwa fimbo tu. Plato, zaidi ya miaka mia moja baadaye, alikuwa na wasiwasi na mivutano. Katika Kitabu cha 3 cha Jamhuri anafukuza mitindo ya nyimbo na kubakiza miwili, wa Kidoria na wa Kifrigia, kwa kuwa ndiyo inayomfaa askari jasiri na raia mwenye kiasi. Katika Kitabu cha 4 anaeleza kwamba kiasi ni aina ya upatanifu: wa juu, wa kati na wa chini wakubaliane nani atawale. Angalia vizuri hapo, ndugu msomaji. Suala si tena namna sauti zinavyosikika. Suala ni nani anashika usukani.

Upatanifu wa kila mmoja na ngazi yake ulitufikia zaidi kwa mlango wa kanisa. Kwaya za misheni zilituzoesha sauti nne, kuanzia sauti ya kwanza hadi besi. Enoch Sontonga, mwalimu na mwongoza kwaya wa Afrika Kusini, alitunga kwa mtindo huo mwaka 1897 wimbo ambao muziki wake Tanganyika iliuchukua mwaka 1961 kwa ajili ya Mungu Ibariki Afrika. Hatuudharau, nani hasisimki besi zinapoingia? Lakini mfumo wake uko wazi. Noti zimegawiwa na mtunzi, fimbo anayo mwongozaji, na besi akiamua kujibu ya kwake ataambiwa katoka nje ya wimbo.

Pwani kulikuwa na utaratibu mwingine. Tuiache taarabu, ambamo wapigaji hufuata uzi mmoja wa tuni na kila mtu akaurembesha atakavyo, tuitazame beni. Ngoma hii ilianza katika miji ya pwani ya Kenya miaka ya 1890, ikienda na tarumbeta, sare na vyeo vya kuiga jeshi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake ilisambaa Tanganyika yote kwa vyama viwili, Marini na Arinoti. Marini walijiona wakubwa, watu wa kalamu na vyeo. Arinoti walikuwa wa chini yao. Lamu nako mitaa ya Mkomani na Langoni ilikuwa na desturi ya kushindana kwa ngoma, kila upande ukitafuta kuuaibisha mwingine kwa nyimbo, mavazi na karamu. Mtu wa nje angeona fujo tupu. Kumbe ushindani ule ulikuwa na kanuni, na kanuni ya kwanza ni kwamba mpinzani lazima awepo. Siku Arinoti wasipotokea, Marini watamchezea nani? Huo ni uta wa Heraclitus kabisa, na hakuna mtu wa Lamu aliyehitaji kumsoma Heraclitus ili aujue.

Ushairi wa kujibizana ulikuwa na tabia hiyo hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa alirushiana tungo na washairi wa Lamu, akiwamo Zahidi Mgumi, katika miaka ambayo miji hiyo ilikuwa na uadui wa kweli, kwani vita vya Shela, karibu mwaka 1812, vilimwaga damu. Anayejibu mara nyingi huchukua bahari ile ile, pengine hata vina vile vile vya mpinzani. Urari wa vina na mizani ulikuwa uwanja wa pamoja wa watu wasiopatana. Sheria za Kaluta Amri Abedi, zilizochapishwa mwaka 1954, mara nyingi tunazisoma kama amri za mzee mkali. Ukizitazama kutoka upande huu, zinafanana zaidi na vipimo vya uwanja wa mpira.

Ndipo tunafika kwenye ngonjera. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Rais Nyerere aliwaomba washairi waeneze siasa ya nchi, na Mathias Mnyampala akaitumia ngonjera kwa kazi hiyo. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya kifo chake cha 1969. Kwa sura, ngonjera ni kujibizana: huyu anasema, yule anajibu, vina vinalingana. Lakini matokeo yamepangwa tangu mwanzo. Mpinzani kaletwa jukwaani ili aelimishwe, na ubeti wa mwisho wote wanaimba pamoja. Kwa maoni yetu hiyo ni kwaya ya sauti nne iliyovaa kanzu ya malumbano. Inalingana sana na falsafa ya Ujamaa kama Nyerere alivyoieleza mwaka 1962, kwamba jamii ya Kiafrika haikujengwa juu ya vita vya matabaka. Kama mgongano haupo, basi anayebisha ni mtu ambaye hajaelewa tu. Na asiyeelewa anaelimishwa au, ikifika Operesheni Vijiji ya miaka ya kati ya 1970, anapakiwa kwenye lori.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi, bila vina wala mizani ya kimapokeo, na mgogoro wa ushairi ukawaka. Baadhi ya watetezi wa mashairi huru waliviona vina kama pingu zenyewe. Hapa hatukubaliani nao. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotoka mwaka 1973, ilitungwa gerezani, ambako alifungwa kwa kijarida chake cha mwaka 1968 dhidi ya utawala wa Kenya. Vina vyake havina hitilafu, na hakuna hata mlinzi mmoja aliyeweza kusema mfungwa huyu kapatana na serikali. Kosa la ngonjera za siasa, basi, halikuwa urari. Lilikuwa mpinzani asiyepewa hoja ya kumsumbua msemaji mkuu.

Kipimo hicho tunaweza kukitumia hata nje ya ushairi. Katika Gamba la Nyoka ya mwaka 1979, Kezilahabi anaandika nathari isiyohesabu mizani yoyote, na anawapa maneno yao wanavijiji wanaokataa kuhamishwa. Wanakosea, wanatisha, wengine ni wachekeshaji, na msimulizi hawakatizi ili awasahihishe. Linganisha na ngonjera yoyote uliyoikariri shuleni mbele ya mgeni rasmi. Hesabu beti za yule anayebisha, kisha utazame anaanza kukubali kwenye ubeti wa ngapi.